Mwalimu wa Mrango

Nilisikia viatu kwanza. Ko, ko, ko, kwenye vigae vya ukumbi, na mwenyewe alikuwa bado hajafika kwenye kona. Ndugu zangu, nawaambia, mwanamke akitembea hivyo kuelekea darasa la watoto wa miaka minne, hajaja kuuliza kama mtoto alimaliza uji.

Hiyo ilikuwa Loresho, mtaa wa wenye nazo, katika shule ndogo ya chekechea yenye bembea mbili na nyasi zilizokatwa kama kichwa cha mtoto wa kipaimara. Nilikuwa nimefundisha pale muhula mmoja na nusu. Mama yule alisimama mlangoni akauliza, "Ni nani hapa anafundisha mtoto wangu kusema anataka kurara?"

Nikasema, "Ni mimi, mama. Watoto hurara baada ya chakula cha mchana."

Wale mnaocheka huko nyuma nawaona. Chekeni tu. Mimi siku ile sikuelewa kilichomfanya afumbe macho. Kwangu nilikuwa nimesema vizuri kabisa. Lugha niliyonyonya kwa mama yangu haina L. Ina R moja, na hiyo R inafanya kazi zote za nyumbani, kama mama mjane. Nilikua nikisikia rara, nikisema rara, na hakuna aliyekosa usingizi kwa ajili hiyo.

Mama akaelekeza kidole mdomoni mwangu. "Hatulipi karo ili mtoto arudi nyumbani na hiyo."

Mwalimu mkuu aliniita ofisini, akaniachisha kazi kwa upole mwingi, na upole ndio uliouma. Nilipanda barabara ya Waiyaki kwa miguu nikijaribu kusema lala. Lala. Rara. Lara. Mwenye kuuza mahindi ya kuchoma aliniuliza, "Madam, uko sawa?" Sikuwa sawa.

Ndipo nikaja hapa Mutuini, mkanipa chumba cha mabati kando ya kanisa na watoto ishirini na wawili. Mnakumbuka miaka ile. Shule za msingi zilikuwa zimefanywa za bure, darasa la kwanza limejaa hadi kwenye madirisha, na mtoto aliyeingia bila kujua kusoma alisukumwa nyuma na kusahauliwa huko huko. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja: wasome kabla ya kuvuka ua kwenda shule ya msingi. Na mimi niliapa kwamba katika kazi hiyo, mdomo wangu nitautumia kidogo iwezekanavyo.

Nilikwenda katikati ya jiji kutafuta chati. Duka la kwanza, chati ya tufaha na punda milia kwa Kiingereza. Duka la pili, tufaha lile lile. Nani kati yenu alimlea mtoto Mutuini kwa tufaha? Mwishowe nikapata kwa mchuuzi wa barabarani chati ya silabi, ba be bi bo bu, nikaitundika ukutani. Hiyo ndiyo ikawa mwalimu. Mimi nilikuwa mshika fimbo. Naelekeza, wanaimba. Naelekeza, wanaimba. Hakuna hadithi, kwa sababu hadithi ina mdomo ndani yake. Hakuna mashairi ya kuchezea. Nilikuwa nimewanyima watoto ulimi ili niuokoe wangu.

Na walivyoimba. Wapita njia walisimama kusikiliza. Asubuhi moja, mwezi wa pili hivi, walikuwa wameimba tangu saa mbili na nusu mpaka saa nne, wakanipendeza kabisa, nikatoka nje kunywa maji. Niliporudi nikaiangalia chati. Ilikuwa juu chini. Niliitundika hivyo nilipokuwa nikifagia. Ndugu zangu, mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama mbele yake na fimbo nikiielekeza kichwa chini miguu juu, na watoto ishirini na wawili waliisoma vizuri bila kosa hata moja. Hakuna aliyekuwa anasoma. Nilikuwa nimefuga kasuku.

Mtu mwenye akili angekaa chini alie, kisha abadilike. Mimi niligeuza chati nikaendelea.

Sasa, kuku. Mnajua kuku wa jirani wa kanisa. Waliingia darasani kana kwamba wameandikishwa. Kwa hasira nikachukua rangi ya kijani iliyobaki mlipopaka paa, nikaandika kwenye mlango wenyewe kwa herufi kubwa: FUNGA MRANGO. Nikarudi nyuma, nikaisoma, nikaridhika. Kamati yote ilipita hapo kila Jumapili. Hakuna aliyesema neno, na mnajua kwa nini. Sote tumenyonya ziwa moja.

Kulikuwa na msichana wa miaka mitano, mgeni. Wazazi wake walitoka magharibi mwa nchi, wakapanga kwenye zile nyumba mpya kule chini. Siku moja nilisahau kiapo changu, nikasema mbele ya darasa, "Sasa weka vichwa kwenye meza, turare."

Akainua mkono. "Mwalimu, ni lala."

"Rara."

"La-la," akasema pole pole, kama mtu anayemwelekeza mzee kwenye ngazi.

Sikumwona yeye. Niliona kidole cha mama wa Loresho. Nilichukua rula, nikamwambia anyooshe mkono, nikampiga. Mara mbili. Nasema mbele yenu kwa sababu hilo ndilo shimo lenyewe. Mambo mengine niliyowaambia mnaweza kuyacheka. Hilo msilicheke.

Kesho yake baba yake alikuja. Ni fundi wa kuandika mabango, yale ya maduka na vibanda vya nyama choma, na suruali yake ilikuwa na rangi zote za barabara hii. Nilimsikia nje akikohoa kwa hasira. Hatua zikafika mlangoni. Kisha kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwalimu," akasema, akijifuta macho, "mimi nilikuwa nimekuja tugombane. Lakini hii mlango imenimaliza. Nani ameandika?"

"Ni mimi."

"Na ndiye unapiga mtoto wangu kwa sababu ya lala?"

Akamshika bintiye mkono wakaondoka. Jioni nilikuwa nimeshapata jina dukani. Mwalimu wa Mrango. Kinyozi analijua, muuza maziwa analijua, na watu ambao wao wenyewe husema mrango walinicheka kwa kusema mrango. Wazazi wakaanza kuhamisha watoto. Ishirini na wawili wakawa kumi na tisa, wakawa kumi na wanne, wakawa tisa. Msichana yule alirudishwa baada ya wiki moja, kwa kuwa mama yake alikuwa na kazi za kufua na hakuwa na pa kumwacha. Hakurudishwa kwa imani.

Kisha kamati ikaniita. Simtaji mtu. Mwenyekiti wa kamati anaangalia viatu vyake sasa hivi, lakini simtaji. Nikaambiwa kwamba kuna mtu anataka kukodi kile chumba aweke duka la chakula cha kuku. Nikapewa hadi mwisho wa muhula wa pili. Wale tisa wakisoma, darasa litabaki. Wasiposoma, kuku waliokuwa wakiingia bila ruhusa wataletewa chakula mle mle.

Wiki mbili nzima nilifundisha kwa hasira. Hasira haifundishi hata mbuzi.

Halafu mapumziko fulani, kumenyesha kidogo, nikabaki ndani nikikusanya vikombe. Nikasikia sauti yangu nje. Sauti yangu kabisa, "Semeni rara." Nikachungulia. Msichana yule amesimama juu ya jiwe, ana kijiti kama fimbo yangu, na wenzake wamechuchumaa mbele yake.

"Semeni rara."

"Rara."

"Hapana, hiyo ni radi. Radi inasema rrrr. Semeni lala. Huyo ni paka Lulu. Lulu anasema llll, amelala."

Watoto wanne walinguruma kama radi, watatu wakalala kwenye matope kama paka, na mtoto mmoja akawa anakimbia kati yao akisema rrrr, llll, rrrr, llll, akicheka mpaka anaanguka. Nusu yao walikuwa watoto wa hapa hapa, wa ziwa letu. Na walisema zote mbili.

Nilitoka na vikombe mkononi. Msichana akaficha kijiti nyuma, kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau: akanyoosha mkono, kiganja juu, akingoja rula.

Nikaketi kwenye lile jiwe lenye maji. Nikamwambia, "Nisamehe. Nifundishe. Ulimi unaweka wapi?"

Aliniangalia kwanza kama ni mtego. Akafungua mdomo wake, akaingiza kidole. "Weka hapa, nyuma ya meno. Kama umegandisha chingamu."

"Rrr."

"Usitetemeshe, mwalimu. Chingamu itaanguka."

"Lll."

"Ukae hapo. Usitoke."

Nilikaa hapo. Watoto tisa walikuwa wameukaribia mdomo wangu kama watu wanaotazama shimo la choo kilichomeza ndala. Nikasema, "Lala." Wakaniangalia. Nikarudia. Msichana akaitikia kwa kichwa kama mkaguzi wa shule, akasema, "Sasa umesema."

Siku hiyo tulitunga wimbo wetu, mbele ya ubao, tukiandika huku tukiimba:

Lala, Lulu, lala,
leo umekula.
Rudi, radi, rudi,
huku ni baridi.

Paka alikuwa na hadithi, radi ilikuwa na hadithi, na kila siku hadithi ilihitaji maneno mapya. Nilichora paka kwenye kadi za L na radi kwenye kadi za R. Mtoto alichagua kadi, akaiweka mbele ya silabi, akaona neno linageuka. Kula, kura. Tulikaa siku nzima kwenye kula na kura. Mtoto mmoja akaniuliza tofauti, nikamwambia mtu hupiga kura halafu mwingine hula, akaelewa haraka kuliko wazazi wake. Na chati ya silabi niliitundika juu chini makusudi kila Ijumaa. Wa kwanza kulalamika alipata pipi.

Siku ya kamati ilifika. Watoto wakaanza wimbo wa Lulu, mwenyekiti akainua mkono.

"Mwalimu, hatujakuja kusikia nyimbo. Hata kasuku anaimba. Wasome kitu hujawaimbisha."

Akaangalia kuta. Kulikuwa na wimbo, na hadithi tulizozijua. Akageuka nyuma yake, akaonyesha mlango. "Hiyo hapo. Nani atasoma?"

Rangi ile ya paa haifutiki, nilishajaribu kwa mafuta ya taa na kwa kisu. Akasimama mvulana wa hapa hapa Mutuini, mjukuu wa mtu mnayemjua. Akafuata herufi kwa kidole hewani.

"Fu-nga. M-ra-ngo."

"Vizuri sana," akasema mwenyekiti. "Funga mrango. Huyu amesoma."

"Hapana, guka," mtoto akasema kwa heshima, kama anayemwita babu yake. "Nimesoma, lakini imeandikwa vibaya."

"Vibaya wapi?"

"Hapo katikati wameweka radi. Ni mahali pa Lulu."

Mzee alivaa miwani akausogelea mlango mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. "Na mimi nimepita kwa hii mlango mwaka mzima," akasema, "hii mrango."

"Mlango," wakasema watoto.

"Ndiyo nimesema. Mrango."

"Guka," akasema msichana yule, akiingiza kidole mdomoni, "weka ulimi nyuma ya meno. Kama umegandisha chingamu."

Kamati ilicheka, na mzee akacheka, akajaribu, ikaanguka chingamu. Akasema muuza chakula cha kuku atafute kwingine. Hakuniomba radhi, na mpaka leo ninangoja, lakini sina haraka.

Baba wa msichana alisikia habari hizo dukani. Akaja Jumamosi na mkebe wa rangi nyekundu.

"Nilicheka, mwalimu."

"Ulicheka sana."

"Na wewe ulimpiga mtoto wangu."

"Nilimpiga."

"Basi," akasema, akachora L moja juu ya R yangu. Ukisimama karibu, tumbo la kijani la R bado linaonekana nyuma ya mguu wa L. Alitaka kulifunika nikamwambia aliache.

Nawashukuru nyote, hata mlioniita lile jina, maana hamkunitoa pale kando ya kanisa. Namshukuru fundi kwa herufi moja. Nawashukuru wazazi waliorudisha watoto. Mwaka huu watoto ni ishirini na sita na sina viti, kamati isikie. Na kama mna watoto wadogo, nawaomba: wachezeeni maneno. Wapeni paka, wapeni radi, koseeni mbele yao makusudi. Mtoto akiweza kukuonyesha kosa lako, huyo anasoma. Ukimpiga siku hiyo, umeipiga kazi yako yote. Na mkinisikia leo nimeteleza mahali, niambieni nje. Sitachukua rula.

Mwezi wa kumi na moja msichana alimaliza kwangu. Wenzake walikuwa wameshatoka, mimi nafuta ubao. Alifika mlangoni na mkoba wake, akasimama, ingawa maandishi yale alikuwa ameyasoma mara mia. Akayafuata tena kwa kidole, "Fu-nga m-la-ngo," akaniangalia kuona kama nimesikia. Nikamwambia nimesikia. Basi akatoka, akauvuta kwa mikono miwili kwa sababu mabati yale ni mazito, mpaka komeo likalia.