Kovu Lililoachana kwa Ndani

Bwana Yesu asifiwe! Hapo nyuma sijawasikia. Asifiwe sana!

Mnanijua, mimi Mama Nyangeta, fundi cherehani wa hapa Nyasho. Nyangeta nilimzaa kwa upasuaji. Kwa nje mshono ulipona vizuri. Lakini hedhi iliporudi, ndugu zangu, haikutaka kuisha! Nilikuwaga nadhani imekata, kesho yake natokwa tena, damu nyeusi kidogo kidogo, mpaka inakutana na hedhi ya mwezi mwingine. Kiuno kinauma. Mimba haishiki. Watu wakasema nimefungwa. Niliombewa, nilifunga, na damu ikaendelea.

Ndipo mama mkwe akaja kututembelea kutoka Butiama. Akanikuta nafua. Akaangalia beseni, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni hedhi gani?" Nikamweleza yote huku nalia. Akasema, "Umefungwa na nani? Wewe unaumwa. Vaa, twende hospitali."

Mungu akatupa daktari mwanamke, mpole. Akanipima kwa ultrasaundi ya ndani, akaingiza maji kidogo kwenye kizazi ili aone vizuri. Akanigeuzia ile skrini.

"Unaona hiki kishimo? Ni pale ulipopasuliwa. Kovu halikuunga vizuri. Damu ya hedhi inabaki humo, halafu inatoka polepole."

Nikamuuliza nilikosea wapi.

"Hujakosea kitu, mama. Inatokea. Na panashoneka."

Panashoneka! Ndugu zangu, neno hilo fundi nililielewa!

Hata hivyo, siku ya upasuaji kule Mwanza, tulikopewa rufaa, niliogopa. Je, wakikitoa kizazi? Mume wangu akanishika mkono, akaomba kwa Kizanaki mpaka nesi naye akaitikia amina. Madaktari wakakata lile kovu bovu, wakashona upya. Nilipozinduka wodini neno langu la kwanza lilikuwa, "Kizazi kipo?" Mama mkwe akajibu, "Kipo, mwanangu. Tulia."

Sasa hedhi inakuja, inakata, basi! Haleluya! Mtoto wa pili bado. Daktari amesema nisubiri kwanza pakomae, na nikishika mimba nitajifungua kwa upasuaji tena. Lakini sikutaka kungoja mtoto ndipo nishukuru. Aliyenifikisha hapa namwamini na huko mbele!

Dada uliyekaa hapo na shida kama yangu, unaificha: mwamini Mungu, na kesho asubuhi nenda ukapimwe. Kama huna wa kukusindikiza, mimi nipo. Na mama mkwe yupo, amekaa pale. Mama, simama wakuone!