Karatasi Nyekundu za Mama Mapigo

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti mkae. Tunayemkumbuka leo hakuwa mtu wa kukaa.

Alikuwa mwalimu wa biolojia. Alifundisha mifumo ya mwili. Wanafunzi walimwita Mama Mapigo, maana somo la moyo alilifundisha kwa makofi. Kiti chake darasani kilibaki kipya miaka yote. Visigino vya viatu vyake ndivyo vilivyokiona cha moto.

Siku ya utumbo mwembamba alivuta kamba yenye urefu wa utumbo huo kutoka ubaoni, ikapita dirishani, ikamfikia mlinzi aliyekuwa nje. Mlinzi akauliza nani anaanika nguo.

Siku ya moyo alichora uwanjani, kwa chaki, vyumba vinne na mapafu kando yake. Damu ni wanafunzi wenyewe. Wanaingia moyoni na karatasi za bluu, damu iliyoishiwa oksijeni. Mapafuni wanapewa nyekundu, wanarudi moyoni, wanasukumwa mwilini. Kila kofi, hatua. Anayezubaa anaambiwa, "Twende, twende, damu hailali."

Sasa sikilizeni. Moyo wake mwenyewe ulikuwa mgonjwa. Narudia, ulikuwa mgonjwa, na alijua. Daktari alimwambia apumzike. Binti yake, fundi cherehani, alimsihi mpaka akachoka.

"Nilimwambia, Mama, kaa basi, hata kidogo," anasema binti. "Akanijibu, nikikaa nani atapiga makofi? Ngoja nimalize somo la moyo, mwanangu, halafu nitakaa mpaka mnichoke."

Hakumaliza. Damu ilikuwa imefika mapafuni alipojishika kifua. Aliwaambia wanafunzi, "Ningojeni hapo hapo," akaenda kuegemea ukuta. Alipelekwa hospitali, mkoba ungali begani. Hakurudi. Inauma, wasikilizaji.

Baada ya mazishi binti alifungua ule mkoba, akakuta karatasi nyekundu. Zilimnyima raha. Akaenda nazo shuleni kuuliza ni za nini.

"Wanafunzi walipoziona tu, wakatoka nje bila kuambiwa," anasema. "Wakasimama kwenye chaki iliyofifia, pale penye mapafu, kila mmoja na karatasi yake ya bluu. Nikawagawia nyekundu. Hawakusogea. Nikauliza, mbona hamwendi? Mmoja akasema, dada, bado makofi."

Basi yule aliyemwomba mama yake akae, akaomba weee, akaanza kupiga makofi yeye. Damu ikarudi moyoni. Ikatoka, ikazunguka mwili mzima.

Kwa binti, kwa familia yote na kwa wanafunzi, poleni sana. Msiba huu ni wetu sote. Nawe unayesikiliza, nyumbani kwako huenda yuko mtu asiyekaa. Usiishie kumwambia apumzike. Mpokee kwanza kazi aliyoishika.

Binti anasema mwanafunzi wa mwisho alipomaliza mzunguko, viganja vilikuwa vinamwasha. Akavishusha, akatazama pale ukutani mama yake alipoegemea siku ile.

"Tumemaliza," akasema. "Sasa kaa, Mama."