Eudoro Tipantuña, Mchoma Mkaa Aliyepanda Msitu

Marehemu baba yetu, Eudoro Tipantuña, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kijiji cha Loma Quishuar, mlimani juu ya Quito, mtoto wa tano wa mzee Belisario na mama Tránsito. Alisoma hadi darasa la tatu, kisha akaingia kazi ya baba yake ya kuchoma mkaa.

Tarehe 6 Mei 1972 alifunga ndoa na mama yetu, Zoila Guamán. Siku moja mama alimzuia kukata mti baada ya kuona kiota cha zamarrito, yule kolibri wetu, ndege mdogo mwenye manyoya meupe miguuni kama suruali za wapanda farasi.

"Mzee, huo mti ukianguka, leo utalala na punda."

"Punda hakoromi," baba alijibu, lakini shoka alilirudisha nyumbani.

Jambo linalofuata aliagiza mwenyewe lisomwe mbele yenu. Agosti 2001, wakati wa kiangazi kikali, moto ulitoka kwenye tanuri lake ukaingia msituni. Uliteketeza ekari arobaini, pamoja na viazi vya jirani yetu, Don Abelino Quilumba. Lawama ziliwaangukia wachungaji wa mifugo. Baba akasimama kwenye mkutano wa kijiji: "Ni tanuri langu. Nililiacha nikaenda kula."

"Viazi vyangu umevichoma, Eudoro," Don Abelino alisema, "na hata chumvi hukuleta!"

Watu walicheka, baba akilia. Kesho yake kijiji kizima kilipanda mlimani na majembe kumsaidia kutengeneza ardhi iliyoungua. Familia yetu haijasahau. Asanteni sana.

Hakuchoma mkaa tena. Alikusanya mbegu za miti ya mlimani na za vichaka ambavyo maua yake kolibri huyapenda, akaotesha miche kwenye makopo ya rangi, akapanda kwa miaka ishirini. Zamarrito hakuonekana upande ule hadi asubuhi moja ya Novemba 2009, baba aliporudi mbio bila kofia.

"Zoila! Wamerudi! Wawili!"

"Na kofia?"

Hadi leo haijapatikana.

Mwaka 2021 mapafu yake, yaliyovuta moshi tangu utotoni, yalianza kushindwa. Aliposhindwa kutembea, kila Jumamosi Don Abelino alimpandisha farasi wake na kumwongoza hadi ukingoni mwa msitu. Mara ya mwisho baba alimuuliza, akimwita kwa jina letu la urafiki, "Kumpa, ulinisamehe lini?"

"Zamani. Nilikuwa nangoja uulize."

Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa moja asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Ameacha mjane, Zoila, watoto wanne, Herminia ninayewasomea, Rosendo, Targelia na Wilfrido, wajukuu tisa, na dada yake, Mercedes.

Tunamshukuru Mungu kwa miaka sabini na sita ya baba. Ampokee, na ampe pumziko lenye amani.