Birika Lenye Watu Ndani

Ndugu, jamaa na majirani mliokaa nasi tangu Jumapili, familia imenituma mimi, kitinda mimba, niwasomee habari za dada yetu mkubwa, na imenionya nisitie chumvi, kwa kuwa marehemu hakupenda kitu kionekane kikubwa kuliko kilivyo.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi viatu na mkewe, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1978, na tarehe 2 Februari 1981 akaajiriwa kuwa karani wa ghala katika jumba la makumbusho.

Mwaka 2004 ofisi ilinunua skana, ikaamriwa vitu vyote vya ghalani viingizwe kwenye kompyuta, karatasi zikaingia bila shida, mpaka msimamizi alipokandamiza kifuniko juu ya daftari nene la zamani, mgongo wa daftari ukakatika, naye akasema, "Si limeingia lakini?" Dada alilibeba lile daftari kwa mikono miwili, na kesho yake akaomba kamera ya dijitali na stendi ya miguu mitatu, akisema kisicholala chini ya kifuniko kisilazimishwe.

Tangu hapo ngoma, viti, kofia na ramani pana kama shuka vilipita mbele yake, kila kimoja na rula pembeni ili ukubwa wake ujulikane, na kwa vyombo vinavyong'aa alijificha nyuma ya kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi, maana picha iliyomwonyesha mpiga picha ilirudiwa, hata mara tisa. Alistaafu tarehe 31 Agosti 2021, akiwa amepiga picha vitu 11,406, na wenzake wakimwita Mama Rula.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi saa mwenye kibanda mkabala na geti la kazini, wakajaliwa binti na mvulana, na baadaye wajukuu watatu, ambao picha zao zote zina rula, jambo lililomfanya shemeji yetu huyo aulize, "Mama, hawa watoto tunawauza kwa sentimita?"

Mwezi Oktoba 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akatibiwa kwa miezi mitano, na akafariki Jumapili, tarehe 3 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 62.

Hapo ndipo tulipogundua kuwa hatuna picha yake. Kila tuliyoipata ameipiga yeye, na katika kitambulisho cha kazi muhuri umemziba kuanzia pua kushuka chini, shemeji akasema hamsindikizi mke wake na fremu tupu, tukapekua masanduku siku mbili, hata mimi niliyejaza albamu nne kwa sura yangu mwenyewe sikuwa naye hata katika moja.

Jana mchana mwenzake wa ghalani alikuja na picha aliyoikuta kwenye kompyuta, katika faili la picha za kurudiwa, na ndiyo hii mnayoiona mezani. Ni birika la shaba, tarehe 9 Mei 2011, rula iko pembeni, kitambaa kimeanguka, na katika tumbo la birika yuko dada, amepanuka kidogo, anacheka, na nyuma yake yuko shemeji aliyemletea chakula cha mchana, naye anakumbuka kuwa aliingia akauliza kama birika nalo limekuja kupigwa picha ya pasipoti. Chini ya picha dada ameandika, "Irudiwe, kuna watu ndani." Alikaa kazini miaka kumi zaidi, na hakuirudia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupa viti na maji, na wafanyakazi wenzake, hasa huyu aliyefungua faili lile.

Upumzike kwa amani, dada. Picha tumeiacha hivyo hivyo, na watu wake ndani.