Besi Isiyokuwepo

Kijiwe chenyewe ni kochi. Kochi la watu watatu, ambalo mteja alilileta libadilishwe kitambaa, akahama mji bila kuaga, na fundi alipochoka kulizunguka ndani ya karakana akalitoa nje. Hapo ndipo wanapokutana kila alasiri, chupa ya kahawa katikati, kubishania mambo yasiyowahusu. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, jambo lilimhusu mwenye kochi. Fundi makochi huyu ujanani alikuwa mpiga gitaa la besi wa bendi, na hadi leo mtaa mzima humwita Nyuzi Nne. Mpwa wake, anayechanganya nyimbo studio na kuitwa Vifungo, alikuwa amezipata kanda za wimbo wao mmoja wa zamani, akauchanganya upya, na kesho ungeanza kusikika kwenye simu za watu. Alikuja kumsikilizisha mjomba kwa heshima zote. Akayakuta ya kuyakuta.

— Hebu rudia, — alisema Nyuzi Nne, mkasi wa kukatia vitambaa ungali mkononi. — Umeniwekea nini?

— Plagini, mjomba. Kiprogramu kidogo tu cha kwenye kompyuta. Kinanogesha besi.

— Kinanogesha! Kwani besi yangu ilikosa chumvi?

— Sivyo, mjomba. Spika ya simu ni ndogo, haiwezi kutoa sauti nzito. Besi yako ikifika pale inakufa. Sasa hiki kiprogramu kinaifuata besi yako, kinatengeneza sauti nyembamba zinazotokana nayo, hizo simu inaziweza. Sikio likizisikia, linadanganyika kwamba na ile nzito ipo.

Vifungo aliuma ulimi, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

— Linadanganyika! Jamani, mmemsikia kwa masikio yenu?

— Kwa masikio gani tena, na yenyewe ndiyo yanayodanganywa! — alidakia Kinyozi, ambaye huwaacha wateja na nusu kichwa ili asipitwe na ubishi. — Huu ni utapeli mchana kweupe. Ni sawa na mimi nimnyoe mtu upande mmoja, halafu nimwambie nenda zako, macho ya watu yatamalizia.

— Wateja wako si ndivyo wanavyoondoka? — aliuliza Waya, fundi redio wa mlango wa pili.

— Wewe Waya usinianze.

— Sikuanzi, nakueleza kitaalamu. Sikio likizoea kujazia, haliachi. Linaendelea hata simu ikizimwa. Ndiyo maana siku hizi mtu anaitika "naam!" na hakuna aliyemwita.

— Wallahi kweli! — alisema Kinyozi. — Mke wangu kila siku anadai nimemwahidi hiki na kile, na mimi sijafungua mdomo. Kumbe plagini!

— Na wagombea je? — aliongeza Waya. — Unatoka mkutanoni umesikia ahadi nzitonzito, ukifika nyumbani huikumbuki hata moja. Unadhani ile mitambo ya jukwaani haina mkono wa mtu?

— Bado kidogo watatupikia sufuria tupu, watie harufu ya nyama, tumbo lijazie lenyewe!

Wenzake walicheka hadi kochi likalia springi. Nyuzi Nne hakucheka. Roho ilikuwa inamuuma kweli, na ilikuwa na haki ya kuuma. Katika bendi mwimbaji ndiye aliyekumbatiwa, mpiga solo ndiye aliyetunzwa, na mpiga besi ndiye aliyeombwa asaidie kubeba maspika. Hayo aliyameza. Lakini katika wimbo ule kuna mahali katikati ambapo mwimbaji ananyamaza na besi inapanda, inazunguka, inashuka taratibu. Kipande hicho alikitunga wakati wanawe pacha wangali wachanga na mkewe hawezi kutoka kwenda dansini. Zilikuwa salamu zake kwa mke. Leo kompyuta imeingiza mdomo kwenye salamu za watu wawili!

— Tazama hivi, — alisema, akimsogezea mpwa wake vidole vyenye sugu. — Hivi ndivyo vilivyopiga. Itoe takataka yako.

— Mjomba, watu wanasikilizia simu. Nikiitoa, wewe hupo.

— Basi nisiwepo! Bora nisiwepo kihalali kuliko niwepo kwa hila!

— Sema, baba, sema! — Kinyozi alipiga kofi gotini.

— Mke wangu amenisikia miaka yote hii kwenye redio yake ya jikoni, na haikuwa na plagini. Kila wimbo ukipigwa namuuliza, mama, salamu zimefika? Ananijibu, zimefika, nimekusikia.

Waya aliacha kucheka.

— Ile redio ya jikoni? Ile nyekundu?

— Hiyohiyo. Si wewe unayeitengeneza kila siku?

— Ndiyo mimi, — alisema Waya, na kwa mara ya kwanza alasiri hiyo hakuongeza utaalamu. — Spika yake ni ndogo hata kuliko ya simu, — akaishia hapo, akajimiminia kahawa ambayo hakuinywa.

Nyuzi Nne hakuelewa, au hakutaka kuelewa. Vifungo naye alipoona maneno yamemshinda, aliiweka simu juu ya mkono wa kochi, akaucheza wimbo wenye plagini, ujitetee wenyewe. Ukaanza. Mwimbaji akaimba, akanyamaza, na kutoka kwenye kile kisimu kikatoka kitu kipana, kikapanda, kikazunguka.

Hapo ndipo Mama Pacha alipokata kona, kanga begani, kaja kumwambia mumewe kwamba mwenye viti vya kijani anamsubiri nyumbani. Akasimama palepale mpaka kipande kikaisha.

— Si wimbo wenu huu?

— Ndiyo, — alijibu mumewe.

— Mbona leo mtamu hivi? Sauti ya mwimbaji naijua, solo naijua, hata kayamba lile nalijua. Lakini huyu anayepiga huku chini... — alisogea karibu na simu. — Huyu ni nani, Baba Pacha?

Kinyozi akainamia kikombe chake kana kwamba kimeandikwa jibu. Waya, mwenye majibu ya dunia nzima, alitazama barabarani. Vifungo aliona haya kama yeye ndiye aliyeulizwa.

— Mbona mmenyamaza? Ni mgeni?

Nyuzi Nne alivitazama vidole vyake. Miaka yote ile, zimefika, nimekusikia. Hakujua anaona hasira au kitu gani, wala angemkasirikia nani. Aliuweka mkasi chini, akasogea pembeni kumpisha mkewe kwenye kochi.

— Keti, mama. Keti usikilize vizuri.

— Na viti vya kijani?

— Vitasubiri. Wewe Vifungo, rudisha mwanzo.

Vifungo aliichukua simu, kidole kikasita.

— Upi, mjomba? Wenye plagini au usio na plagini?

— Huohuo aliousikia yeye, — alisema Nyuzi Nne. — Na kesho utoe huohuo.