Mama Felix, Aliyewasitiri Wasomaji wa Junda

"Mama Felix, kila siku wabeba mifuko mitupu, simiti yenyewe waila?" Ndivyo jirani yake, Bi Mwanatabu, alivyomuuliza mwaka 1989, alipomwona akipita na karatasi za mifuko ya saruji kichwani. Marehemu alicheka. "Hiyo nawaachia mafundi, dadangu. Mimi nashona nguo za vitabu."

Marehemu Agneta Munga alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Ruruma, Rabai, mtoto wa tatu wa Mzee Munga Ngala na Mama Dhahabu. Alisoma hadi darasa la saba, mwaka 1971. Karo ya sekondari ilitosha mtoto mmoja. Akaenda kaka yake, naye Agneta akamfulia sare bila kinyongo.

Tarehe 8 Disemba 1979 alifunga ndoa kanisani, Frere Town, na marehemu Charo Kaviha, mchonga mawe kwenye timbo la Bamburi. Mungu akawajalia Felix, Caroline na Winfred.

Mwaka 1986 aliajiriwa kufagia Maktaba ya Jamii ya Junda, iliyokuwa chumba kimoja cha mabati na rafu nne. Baada ya miaka miwili akafanywa mtunza vitabu, maana ndiye aliyejua kila kitabu kililala wapi.

Siku moja alimkuta mumewe jikoni, amejikunja juu ya kitabu cha darasa la kwanza. Charo hakuwahi kuingia shule. "Nikionekana nacho timboni, watanicheka mpaka nizeeke," alisema. Agneta akakifunika kwa karatasi ya saruji. Kisha akawaza, kikifunikwa kimoja si kitajulikana? Akavifunika vyote vya maktaba, vinene kwa vyembamba, bila kuandika neno juu. Basi watu wazima wakaanza kuja, mmoja mmoja. Makosa yalitokea: mwinjilisti mmoja alipanda mimbarini na kitabu cha kufuga kuku akidhani ni maelezo ya Zaburi. Alihubiri hivyo hivyo, na ibada ikaisha salama. Naye Charo, kabla Bwana hajamwita mwaka 2009, alisoma somo la kwanza kanisani kwa sauti yake mwenyewe.

Marehemu alistaafu mwaka 2017. Maradhi ya figo yalimshika mwaka 2022, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Akiwa katika hali hiyo, mwaka huu wa 2025, maktaba ilijengwa upya, ikapata umeme wa jua na kompyuta. Msimamizi mpya, Bwana Najib, akavivua vitabu karatasi zote na kuvivika plastiki angavu, vipendeze.

Bawabu wa mtaani kwetu, Masha, mmoja wa watu wazima wanaojifunza kusoma, aliyeridhia tumtaje, alifika mlangoni mwa maktaba, akatazama, akageuka. "Nilikuja kuangalia saa tu," alimwambia Najib. Akaenda moja kwa moja kwa marehemu. "Mama, binti yangu wa kidato cha pili husoma mle mle. Nitapita vipi mbele yake na kitabu chenye picha ya bata?"

Hofu ya marehemu ikawa moja: asife na watu wake wamerudi kujificha. Kesho yake, akishikilia ukuta, alifika maktaba.

"Shikamoo, mama. Tumependeza?"

"Marahaba. Mmependeza sana, mwanangu. Lakini niambie, kompyuta inalijua jina la kitabu?"

"Inalijua."

"Basi anayepita njiani ana haja gani ya kulijua?"

Najib akacheka. "Hapo umenishinda, mama."

Wiki ile ile karatasi za khaki zilirudi, kila kitabu na namba ndogo ubavuni. Mengine yanajulikana na kompyuta. Jumamosi tarehe 4 Oktoba Masha aliazima viwili. Marehemu alipopata habari alisema, "Ahsante Bwana," akalala usingizi mzito, jambo ambalo halikuwapo kwa miezi.

Alituaga Jumatano tarehe 12 Novemba 2025, adhuhuri, nyumbani kwake Junda, mikononi mwa Caroline. Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, na wasomaji ambao hakutaja jina la hata mmoja. Bwana amemtua mzigo. Nasi, pamoja na machozi, tumeshusha pumzi.

Wiki yake ya mwisho aliwaita wanawe na Bwana Najib, akawaambia: "Siku ya kunizika msifunge maktaba. Anayesoma asome. Akimaliza, aje anitupie mchanga."