Jina la Tukiran Lisichongwe Langoni

Sogeeni wanangu. Sutinah, kaa hapa miguuni, na wewe Paidi zima hiyo redio, maana pumzi niliyobaki nayo sitaki kushindana na mtu anayetangaza sabuni. Nyumba ni ya Sutinah, shamba la mpunga ni la Paidi, na hilo limekwisha. Lililobaki ni jiwe.

Jana Haryadi, lurah wetu, mkuu wa kijiji, alikuja na kalenda yenye picha yake mwenyewe, akaketi pale, akaniita Mbah, kama bibi yake, kwa sauti ya kubembelezea watoto. "Mbah, nchi inatimiza miaka hamsini ya uhuru. Langoni mwa kijiji tunasimamisha jiwe la romusha, mashujaa waliojitolea. Jina la babu yangu juu, kama kiongozi wao, la kaka yako chini yake. Mbah hana neno, sivyo?" Nilikuwa nakohoa. Akasema, "Basi, tumeelewana." Kikohozi changu amekihesabu ridhaa, na wewe Paidi, karani wake, ukamsindikiza hadi kwenye pikipiki ukimshukuru.

Waliojitolea! Wajapani walipokuja Java walikuja na neno hilo la romusha, na kwao lilikuwa neno la kawaida tu, mtu wa kazi. Babu yake Haryadi, Lurah Prawiro, ndiye aliyelipamba. Alisimama uwanjani akasema romusha ni askari wa kazi, atavikwa, atalishwa, atarudi na heshima. Watu wakamsikiliza kwa adabu, wakarudi mashambani. Wanawe mwenyewe walishikwa na homa wote kwa pamoja, homa iliyowaruhusu kucheza karata barazani.

Ndipo akapiga gogo la kijiji, mapigo ya ujima. Mnajua desturi yetu, gogo likilia hivyo kila nyumba hutoa mtu mmoja, na kuuliza ni aibu. Ilisemekana mfereji umeziba. Baba alikuwa mgonjwa, kaka Tukiran akachukua jembe, mama akamfungia wali wa mchana kwenye jani la mgomba. Nikamwambia, "Kaka, niletee kambare." Akanijibu, "Nikikuletea utampika, au utamlilia kama yule wa juzi?" Langoni palikuwa na lori. Waliouliza mfereji uko wapi, Prawiro aliwaambia uko mbele kidogo. Mbele kidogo ilikuwa Bayah, mwisho wa kisiwa, kwenye machimbo na njia ya reli.

Alirudi mmoja tu, Wongso, amevaa gunia, miguu imeoza. Alisema kaka alizikwa kando ya reli, siku hakuijua. Watoto walimfuata njiani wakipiga kelele, "Romusha! Romusha!" na mama zao wakawavuta wasimguse. Lile neno la heshima likawa tusi la mtu mwenye njaa. Uhuru ulipokuja tukalitumia kuwatisha watoto wasiolala. Baadaye likaingia vitabuni, walimu wakaliuliza kwenye mtihani. Na juzi Ratmi, mjukuu wangu, kaambiwa aoshe vyombo, akanung'unika, "Leo mmenifanya romusha." Yeye simlaumu, ni mtoto, na masufuria yalikuwa mengi. Lakini Haryadi ana akili zake timamu. Amelichukua neno lililomeza watu, amelipaka chokaa, sasa anataka kulisimamisha palepale liliposimama lori, babu yake apande juu ya vichwa vya aliowauza ili aonekane mrefu.

Paidi, usiangalie dirishani. Najua unaogopea kiti chako. Mwambie mama amekataa, lawama nitupie mimi, maiti hafukuzwi kazi. Jina la Tukiran lisichongwe pale, si juu, si chini, si ubavuni. Wakilichonga, Sutinah, wewe huli kwake, nenda na patasi, na uende mchana, watu wakikuona.

Siku ya kunizika, kabla jeneza halijainuliwa, atataka kuhutubu. Msimpe. Mpeni Pak Dulkamid wa msikitini, sauti yake mbaya lakini hajamdanganya mtu. Haryadi mpeni chai, anywe, aende zake. Na gogo likilia nendeni, majirani ni majirani. Ila kwanza ulizeni ni mfereji upi, hata kama mtaonekana hamna adabu.

Niinue kidogo, Sutinah. Hapo... hapo panatosha.

Mama hakumfanyia kaka hitima hata moja, wala ya siku ya saba, wala ya siku ya elfu, kwa kuwa hapakuwa na siku ya kuanzia kuhesabu, na kila jioni alimwekea sahani mpaka naye akafa. Sasa hesabuni kwa siku yangu. Mkinifanyia mimi mfanyieni na yeye, mkeka mmoja, dua moja. Hilo ndilo ninalotaka, mengine fanyeni mnavyoweza.

Mungu awaweke. Awape wali wa kutosha na... na watoto wanaouliza maswali. Msigombane kwa ajili ya shamba. Paidi, nipe mkono. Wako una baridi kuliko wangu, mwanangu.

Imamu atauliza amwombee nani. Mseme, Tukiran, mwana wa Kromo. Atangoja kidogo... atadhani kuna cheo kinafuata. Mwacheni angoje. Msiongeze... msiongeze neno.